Asilimia 27 tu? Tuusome tena utafiti wa PERCH kuhusu nimonia ya watoto

Ukifuatilia mambo ya afya ya watoto kwa muda kidogo tu, lazima utakutana na kauli hii: nimonia nyingi ya watoto inaletwa na virusi, siyo bakteria. Utaikuta kwenye slaidi za semina, kwenye mijadala ya usugu wa dawa, na siku hizi hata kwa mtu anayekushauri usikimbilie amoksilini. Ukiuliza imetoka wapi, mara nyingi utaelekezwa kwenye utafiti mmoja, PERCH, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2019. Namba zinazotajwa ni mbili: virusi asilimia 61, bakteria asilimia 27.

Leo tuusome utafiti huu pamoja, taratibu. Msimamo wangu nausema mapema ili usinitafute katikati ya makala: PERCH ni kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote za aina yake, lakini ile namba yake maarufu imetwishwa mzigo usio wake. Na hili siyo suala la wanatakwimu peke yao. Kwa makadirio ya UNICEF, nimonia inaua zaidi ya watoto 700,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka. Tukikosea kusoma asilimia, kuna mtoto mahali fulani atanyimwa dawa aliyoihitaji, na mwingine atapewa dawa isiyo na kazi huku akikosa oksijeni.

Kwanza, walifanya nini?

PERCH ulifanyika katika nchi saba: Kenya, Zambia, Afrika Kusini, Gambia, Mali, Bangladesh na Thailand. Upande wetu huu kituo kilikuwa Kilifi, pwani ya Kenya. Kati ya Agosti 2011 na Januari 2014, walisajili watoto 4,232 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 59 waliolazwa kwa nimonia kali au kali sana, pamoja na watoto 5,119 wa ulinganisho kutoka mitaa ileile, ambao hawakuwa na nimonia kali.

Hebu tuusifie hapohapo kabla hatujaendelea. Tafiti nyingi za zamani zilikuwa zinachukua watoto wagonjwa tu, zinawapima, kisha zinaandika kila kijidudu kilichokutwa kana kwamba ndicho kilicholeta ugonjwa. PERCH waliuliza swali ambalo hata mwanafunzi wa sekondari angeuliza: je, kijidudu hichohicho si kipo pia kwa mtoto mzima wa afya anayecheza nje? Ndiyo maana wakaleta watoto wa ulinganisho. Halafu vituo vyote vilitumia utaratibu mmoja: maswali yaleyale, vipimo vilevile, picha za eksirei zikasomwa kwa vigezo vilevile. Kufanya hivyo katika nchi saba siyo mchezo.

Uchambuzi mkuu uliwaangalia watoto 1,769 ambao hawakuwa na VVU na ambao eksirei ilionyesha dalili za nimonia. Hao ni asilimia 41.8 tu ya wagonjwa wote waliosajiliwa. Ndani ya siku 30, 114 kati yao walifariki, sawa na asilimia 6.4. Ibebe namba hiyo kichwani tunapoendelea.

Pua siyo pafu

Ugumu wa nimonia uko hapa: ugonjwa umo ndani ya pafu, na pafu la mtoto mgonjwa hulifikii kirahisi. Njia ya moja kwa moja ni kuchoma sindano kupitia kifuani na kuvuta majimaji pale penye ugonjwa. Frank Shann na wenzake walifanya hivyo Goroka, Papua New Guinea, na kuchapisha matokeo mwaka 1984: kati ya watoto 83, zaidi ya nusu walikutwa na bakteria ndani ya pafu. Matokeo ya aina hiyo ndiyo yaliyosaidia kujenga mwongozo tunaoujua mpaka leo, wa kuhesabu pumzi za mtoto na kumpa antibayotiki akipumua haraka: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59. Lakini sindano ya kifuani ina hatari zake, inafaa kwa watoto wachache tu, na wazazi wengi hawaitaki. Unaweza kuwalaumu?

Kwa hiyo PERCH, kama tafiti nyingi za kisasa, walitegemea zaidi ute wa pua na koo, wakaupima kwa PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya vijidudu hata vikiwa vichache sana. Sasa tazama walichokipata: asilimia 98.9 ya wagonjwa walikuwa na angalau kijidudu kimoja. Je, watoto wa ulinganisho? Asilimia 98.0.

Isome tena hiyo. Yaani karibu kila mtoto, awe hoi wodini au anakimbiza kuku uani, alikuwa na kitu puani. Kwa hiyo mtu akikwambia tumempima mtoto puani tumekuta virusi, basi nimonia yake ni ya virusi, mwambie hiyo haitoshi hata kidogo.

Kwa virusi vingine ulinganisho unasaidia sana. RSV, kwa mfano, inakutwa mara nyingi zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima, kwa hiyo ukiikuta kwa mtoto mwenye nimonia una sababu nzuri ya kuishuku. PERCH waliipa RSV asilimia 31.1 ya visababishi vyote, na sehemu hiyo ya utafiti sina ugomvi nayo.

Kwa bakteria, mambo yanageuka. Chukua nimokokasi, yule bakteria ambaye jina lake la kisayansi ni Streptococcus pneumoniae. Makazi yake ya kawaida ni pua za watoto wadogo. Anaishi humo bila kumsumbua mtu, mpaka siku anapopata upenyo wa kushuka mapafuni. Kumkuta puani hakukuambii kama ameshuka au la. Watafiti walijaribu kuangalia wingi wake badala ya kuwepo kwake tu, wazo zuri, lakini mtoto aliyekwisha kunywa antibayotiki nyumbani wingi huo unaporomoka kabla hajafika hospitali. Na sote tunajua ni watoto wangapi wanapitia duka la dawa kwanza.

Kwa hiyo chombo kikuu cha utafiti huu kinaona virusi vizuri na kinaona bakteria kwa taabu. Ni kama kuhesabu samaki wa bwawani kwa wavu wenye matundu makubwa, halafu ukatangaza kwamba dagaa ni wachache.

Asilimia 3.2 inayopotosha

Utasema: si kuna kipimo cha kuotesha damu? Kipo. Unachukua damu ya mtoto, unaiweka kwenye chupa yenye lishe, unasubiri kuona kama bakteria wataota. Wakiota, ushahidi ni mzito. PERCH waliotesha damu ya watoto 1,749 kati ya wale wa uchambuzi mkuu, na 56 tu ndio walioota kitu. Asilimia 3.2. Nimokokasi ndiye aliyeongoza, 19 kati ya hao 56.

Msomaji mwenye haraka anaona 3.2 na kuhitimisha kwamba bakteria ni adimu. Ngoja kwanza. Damu huota pale tu bakteria wanapokuwa wametoka pafuni wakaingia kwenye mzunguko wa damu, na nimonia nyingi za bakteria hazifiki huko. Damu ya mtoto inayochukuliwa ni kidogo. Dawa aliyokunywa kabla inawaua bakteria ndani ya chupa. Kwa hiyo swali la maana ni hili: kati ya watoto kumi wenye nimonia ya bakteria kweli, kipimo hiki kinawakamata wangapi?

Fanya hesabu ya mkono tu. Kama kinamkamata mmoja kati ya watano, wale 56 wanawakilisha watoto 280, yaani asilimia 16. Kama kinamkamata mmoja kati ya kumi, ni 560, asilimia 32. Kama ni mmoja kati ya ishirini, ni 1,120, asilimia 64. Data ni zilezile, watoto ni walewale. Umebadilisha dhana moja tu, na bakteria wametoka kuwa wachache wakawa wengi.

Hesabu hii ni yangu, ya kukuonyesha njia. PERCH hawakufanya kienyeji namna hii. Wao walitumia takwimu za Bayes, zinazounganisha vipimo vyote kwa pamoja, pua, damu na vinginevyo, na kuwalinganisha wagonjwa na watoto wa ulinganisho. Lakini hata mfumo huo ulihitaji kuambiwa kabla kwamba kuotesha damu kunakamata bakteria kwa kiwango gani, na kiwango hicho kilitokana na maoni ya wataalamu, kwa kuwa hakuna kipimo cha dhahabu cha kulinganishia. Siwalaumu; ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba ile asilimia 27.3 na wigo wake wa 23.3 hadi 31.6 imesimama juu ya dhana hiyo. Wigo unaonekana mwembamba, na unampa msomaji uhakika kuliko data zenyewe zinavyostahili. Ningependa muhtasari wa makala ungelisema hilo waziwazi, maana wengi tunaishia kwenye muhtasari.

Mtoto mmoja, kisababishi kimoja?

Hapa ndipo penye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote. Ili asilimia zijumlishwe zifike mia, mfumo ulichukulia kwamba kila mtoto ana kisababishi kikuu kimoja. Akipewa RSV, basi nimokokasi anatoka. Akipewa nimokokasi, RSV inatoka.

Nimonia haifuati kanuni hiyo. Mara nyingi virusi ndivyo vinavyofungua mlango. Vinachubua utando wa njia ya hewa, vinachosha kinga, na bakteria aliyekuwa ametulia puani anashuka. Madaktari wamelijua hili tangu mafua makuu ya mwaka 1918, ambapo wengi waliokufa walikuwa na nimonia ya bakteria juu ya mafua.

Ushahidi mzuri zaidi kwa watoto ulitoka Soweto, Afrika Kusini, mji uleule ambao baadaye ukawa kituo cha PERCH. Shabir Madhi na Keith Klugman walichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio la chanjo ya nimokokasi. Chanjo ile haigusi virusi hata kimoja. Inalenga bakteria mmoja tu. Lakini watoto waliochanjwa walilazwa kwa nimonia yenye virusi pungufu kwa asilimia 31 kuliko wasiochanjwa.

Tafakari hiyo kidogo. Chanjo ya bakteria imepunguza nimonia ambayo maabara iliandika kuwa ni ya virusi. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba sehemu kubwa ya watoto wale walikuwa na vyote viwili, na maabara ikaona kimoja. Sasa mtoto wa namna hiyo akiingia kwenye hesabu ya kisababishi kimoja, atahesabiwa upande gani? Upande ambao kipimo kinauona vizuri. Upande wa virusi.

Chanjo nayo ni kipimo

Hilo la Soweto linatupeleka kwenye njia nyingine ya kuuliza swali lilelile. Badala ya kumtafuta bakteria, mwondoe kwa chanjo, kisha uangalie ugonjwa umepungua kiasi gani. Kilichopungua ndicho kilichokuwa chake, angalau. Huhitaji kuchoma pafu, huhitaji kuamini pua.

Gambia walifanya hivyo mara mbili. Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba chanjo ya Hib, yaani Haemophilus influenzae aina ya b, ilipunguza nimonia inayoonekana kwenye eksirei kwa asilimia 21. Mwaka 2005 likafuata jaribio la chanjo ya nimokokasi, mashariki mwa nchi hiyo: nimonia ya eksirei ilipungua kwa asilimia 37, na vifo vya watoto kwa sababu zote vikapungua kwa asilimia 16. Bakteria wawili tu, na chanjo ya pili ilikuwa inakinga aina tisa tu za nimokokasi katika nyingi zilizopo.

Kilifi nao wana hadithi yao. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokokasi mapema mwaka 2011, na Kilifi watoto wote wa chini ya miaka mitano walipewa nafasi ya kuchanjwa. Miaka michache baadaye, ugonjwa vamizi wa nimokokasi wa zile aina zilizomo kwenye chanjo ulikuwa umeshuka kwa asilimia 92 kwa watoto hao, na kulazwa kwa nimonia inayothibitishwa na eksirei kukashuka kwa karibu nusu.

Sasa weka tarehe hizo sambamba na za PERCH. Utafiti ulianza Agosti 2011. Kenya chanjo ilikuwa imeshaanza. Gambia, Mali na Afrika Kusini vilevile. Zambia ikaingia katikati ya utafiti, mwaka 2013. Bangladesh na Thailand ndizo zilizokuwa bado. Maana yake ni kwamba katika vituo vingi, PERCH ilipima nimonia iliyobaki baada ya adui mkubwa kupigwa. Nimokokasi akitoka na sehemu ndogo tu ya visababishi, hapo usiseme alikuwa hana maana. Ni kama mtu aliyelala vizuri ndani ya chandarua, asubuhi akaamka anasema mtaa huu hauna mbu, tukitoe.

Haki itendeke: watafiti wenyewe wanajua hili, na kupima hali ya baada ya chanjo ndilo lilikuwa moja ya malengo yao. Pia eksirei za majaribio ya chanjo na za PERCH hazikuhesabiwa sawasawa. Majaribio ya chanjo yaliangalia zaidi weupe mzito uliokamata sehemu ya pafu, ambao huelekea kuwa wa bakteria. PERCH walichukua pia zile picha zenye mabadiliko mepesi, ambayo mara nyingi ni ya virusi. Kwa hiyo usichukue 37 ya Gambia ukaipambanisha moja kwa moja na 27 ya PERCH. Tatizo liko kwetu tunaochukua namba ya baada ya chanjo na kuitangaza kama tabia ya kudumu ya nimonia.

Kifua kikuu kimeenda wapi?

Jambo dogo, lakini linaudhi. Kwenye jedwali la PERCH kuna virusi asilimia 61.4, bakteria asilimia 27.3, halafu pembeni, peke yake, kifua kikuu asilimia 5.9. Kinachobaki ni fangasi na vinginevyo.

Kijidudu cha kifua kikuu ni nini? Ni bakteria. Ukiwaweka pamoja unapata asilimia 33.2, theluthi moja. Ninaelewa kwa nini walitenganisha: kifua kikuu hakitibiwi kwa amoksilini, kwa hiyo daktari anahitaji kukiona peke yake. Lakini namba ikishatoka kwenye jedwali na kuingia kwenye slaidi, kile kifua kikuu kinaachwa nyuma, na bakteria wanabaki na robo na kidogo. Theluthi moja na robo si kitu kimoja, hasa kwa ugonjwa ambao kwa watoto wadogo ni mgumu kugundua na watu wengi hawaufikirii kabisa mtoto anapoletwa na kifua cha ghafla.

Wanaougua na wanaokufa

Rudi sasa kwenye ile asilimia 6.4 niliyokuambia uibebe. PERCH waliwagawa watoto kwa ukali wa ugonjwa, na hapa kuna namba ambazo natamani ndizo zingekuwa maarufu. Kwa nimonia kali, ambapo kifua cha chini kinabonyea mtoto anapovuta pumzi, bakteria walikuwa asilimia 22.8. Kwa nimonia kali sana, ambapo mtoto hawezi kunyonya, au anapata degedege, au amelegea, au midomo imekuwa ya bluu, bakteria walipanda hadi asilimia 33.7, na virusi vikashuka kutoka 68.0 hadi 54.5.

Unaona mwelekeo? Kadiri mtoto anavyosogea karibu na kifo, ndivyo bakteria wanavyoongezeka. Kisababishi cha nimonia nyingi si lazima kiwe kisababishi cha vifo vingi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na PERCH walijibu la kwanza.

Swali la pili linafuatiliwa na mradi wa CHAMPS, wenye vituo Afrika na Asia, ikiwemo magharibi mwa Kenya, Siaya na Kisumu. Wao, kwa ridhaa ya wazazi, huchukua sampuli ndogo za sindano kutoka kwa mtoto aliyefariki, pafu likiwemo. Ni kazi nzito kwa kila anayehusika. Na humo bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae amejitokeza tena na tena kama mmoja wa vinara wa vifo. Nao wana udhaifu wao: vifo vingi wanavyovichunguza vilitokea hospitali, na Klebsiella ni mkaaji maarufu wa hospitali, kwa hiyo baadhi ya watoto huenda walimpatia wodini. Lakini jambo moja halina ubishi: Klebsiella kwa asili yake haguswi na amoksilini wala ampisilini. Ukisema tu "bakteria" bila kutaja nani, hujamsaidia daktari.

Ongeza na hili: PERCH haikuchukua watoto wa chini ya siku 28. Vichanga wana bakteria wao, wengi wakitokana na mazingira ya kujifungulia na ya wodi. Namba ya 27 haiwahusu kabisa, ingawa nimeshaiona ikitumika kwao.

Sasa, amoksilini je?

Hapa ndipo usomaji wa asilimia unapokutana na kijiko cha dawa. Ukishaamini kwamba nimonia nyingi ni ya virusi, hatua inayofuata inaonekana ya kawaida: tupunguze antibayotiki. Na kweli, usugu wa dawa ni tishio la kweli, na watoto wengi wenye kikohozi tu wanapewa antibayotiki bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 1,005 wenye homa walioletwa kliniki Dar es Salaam na Ifakara ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na maambukizi ya virusi, na waliokuwa na nimonia ya kuthibitishwa kwa eksirei walikuwa wachache sana. Hao hawakuhitaji dawa hizo.

Lakini mtoto mwenye kikohozi cha kliniki siyo mtoto wa wodini wa PERCH. Na hata katikati yao kuna kundi la tatu, wale wanaopumua haraka bila dalili za hatari. Kwao hatuna haja ya kubishana kuhusu pua na damu, maana kuna watafiti waliojaribu moja kwa moja: nusu wakapewa amoksilini, nusu dawa bandia. Lilongwe, Malawi, matibabu yalishindikana kwa asilimia 4.0 ya waliopewa amoksilini na asilimia 7.0 ya waliopewa dawa bandia. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati. Karachi, Pakistan, ilikuwa 2.6 dhidi ya 4.9.

Zisome namba hizo kwa pande zote mbili. Upande mmoja: zaidi ya watoto 90 kati ya 100 walipona bila antibayotiki. Kauli ya virusi ina ukweli ndani yake. Upande wa pili: kwa Malawi, katika kila watoto 33 hivi waliotibiwa, mmoja aliokolewa na kuzidiwa. Huwezi kumjua ni yupi kwa kumwangalia. Kama zahanati yako iko kilomita nyingi kutoka hospitali yenye oksijeni, mtoto huyo mmoja ni uamuzi mzito. Kama uko mjini na mama anaweza kurudi kesho asubuhi, ni uamuzi mwingine. Asilimia 27 haikusaidii kuchagua. Mahali ulipo ndipo panapokusaidia.

Na oksijeni, hiyo haiulizi kisababishi. Papua New Guinea, kuboresha upatikanaji wa oksijeni na vifaa vya kuipima kidoleni kulihusishwa na kupungua kwa vifo vya nimonia ya watoto kwa asilimia 35. RSV au nimokokasi, mtoto anayekosa hewa anahitaji hewa.

Hukumu yangu

PERCH umefanya mambo mawili makubwa. Umeiweka RSV mahali pake pa kwanza, na leo kuna chanjo ya RSV kwa wajawazito, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, na kingamwili za kumchoma mtoto mchanga. Nchi zetu zina sababu nzito ya kuzidai. Pia umetufundisha kutoamini kipimo cha pua bila watoto wa ulinganisho. Kwa hayo, usome.

Ulichoshindwa ni kile ambacho hakuna aliyekiweza bado: kuwahesabu bakteria ndani ya mapafu bila kuingia ndani ya mapafu. Kosa la utafiti ni kuweka makadirio hayo katika muundo wa kisababishi kimoja na wigo mwembamba, kiasi kwamba yanafanana na hesabu ya kweli. Kosa letu wasomaji ni kuyatoa humo, kuyakata miguu, na kuyatembeza kama kauli ya watoto wote, wa nchi zote, wa miaka yote.

Kwa hiyo safari nyingine ukikutana na asilimia ya kisababishi cha nimonia, uliza mambo manne kabla hujaishirikisha kwa wenzako. Walipima sehemu gani ya mwili? Watoto hao walikuwa wagonjwa kiasi gani? Chanjo ilikuwa imeshafika? Na je, mtoto aliruhusiwa kuwa na vijidudu viwili kwa pamoja? Majibu ya maswali hayo yatakuambia mengi kuliko asilimia yenyewe.

Na kama una mtoto mdogo nyumbani, usisubiri wanasayansi wamalize ubishi wao. Hakikisha amemaliza dozi zote za chanjo, na siku akipumua haraka, kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akiandikiwa dawa, amalize dozi yote. Ile nusu dozi ya dukani haimsaidii yeye wala sisi wengine.